Pesa nilirudisha, sala ya toba nikasali, mbona silali?

BARUA

Shikamoo Mwalimu, na Bwana asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Freretown, si mbali na Kengeleni. Nauza vitunguu na nyanya. Mzigo nachukua Kongowea alfajiri malori yakishusha. Kanisani niko kwaya ya akina mama, sauti ya pili. Naomba jina langu usilitoe, maana mtaa wetu ni mmoja na watu wanajuana.

Tuna chama chetu cha akina mama. Tunachanga kila Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Tunakopeshana, na Desemba tunagawana. Mweka hazina ni mimi. Pesa nyingine zinaingia kwa M-Pesa kwenye simu yangu, nyingine ni taslimu, na karani anaandika kwenye kauntabuku.

Mwaka ambao kijana wangu mkubwa aliitwa sekondari, baba yao kibarua chake cha bandarini kilikuwa kimekatika. Shule inataka karo, sanduku, godoro, sare. Nikachukua elfu nane za chama, nikajiambia wiki ijayo nazirudisha. Wiki ijayo nikachukua nyingine. Kufika muhula wa pili nilikuwa nimechukua Sh26,000, na muda wote huo naimba kwaya na Ijumaa nafunga.

Mwezi wa nane tukapiga hesabu, pesa hazikutosha. Wenzangu wakamtazama karani, kwa kuwa yeye ndiye mwandishi, na kusema kweli mwandiko wake haukuwa mzuri, mara nyingine alikuwa akikosea safu. Mimi nikanyamaza. Akaondolewa, akaenda zake. Nasikia siku hizi anauza mahamri na mbaazi upande wa Likoni.

Nilirudisha polepole. Wiki hii mia tano, ijayo mia saba, nikiziandika kama faini za waliochelewa mpaka hesabu ikakaa sawa. Leo ukikagua kile kitabu hupati senti iliyopotea. Anayejua ni mume wangu peke yake.

Baadaye ukaja mkutano wa injili wa uwanjani. Nikaenda mbele, nikaongozwa sala ya toba, nikalia hadi kanga ikalowa. Usiku ule nililala usingizi wa pono. Lakini ile furaha haikumaliza mwezi. Nikaisali tena sala ileile, kisha tena. Sasa kila mhubiri akiita watu mbele miguu yangu inataka kuinuka.

Mwenzangu wa sokoni akanipeleka kwa mtumishi mmoja anayefanya maombezi. Kabla sijasema lolote akaniambia ameona laana ya ukoo: bibi yangu mzaa baba aliweka agano na mizimu, na ndiyo sababu mkono wangu ulivutwa kwenye kisichokuwa changu. Nilishtuka, maana nilikuwa sijamweleza. Akanipa chupa ya mafuta, chumvi ya kunyunyiza mlangoni kabla jua halijachomoza, na nambari ya till ya kutumia mbegu, yaani sadaka ya pesa. Nilianza na elfu moja, nikaja tatu, nikaja tano. Kila nikituma napata nafuu siku mbili tatu. Sasa anasema imebaki mbegu ya mwisho, elfu kumi na tano, ya kuvunja madhabahu ya ukoo wetu kabisa, na nikiikawiza ile laana itamgeukia mtoto. Mtaji wangu wote haufiki pesa hizo. Nimefikiria kukopa kwenye chama.

Siku za Meza ya Bwana mimi nabaki kitini. Namchukua mtoto wa jirani nampakata, watu wadhani nambembeleza.

Mume wangu asema: "Pesa umerudisha, Mungu umemwomba, yaliyobaki yamefunikwa na damu ya Yesu. Ukianza kufukua utatubomolea nyumba."

Mwalimu, nakuuliza. Je, kweli nimesamehewa? Kama nimesamehewa, mbona moyo haukubali? Ile mbegu niitume? Na yule kijana wangu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, inafaa ajue karo yake ya kwanza ilitoka wapi?

Ni mimi,
Mama Asiyelala, Freretown

JIBU

Marahaba mwanangu, na Bwana asifiwe sana.

Nianze na lisilongoja. Zile elfu kumi na tano usizitume. Na kuzikopa kwenye chama, tena chama kilekile, hata wazo lenyewe liondoe. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 yupo mtu anaitwa Simoni, mchawi wa Samaria aliyebatizwa, ambaye aliwaona mitume wakiweka mikono na Roho akishuka, akawaletea fedha ili na yeye apewe uwezo huo. Petro hakumwambia ni kiasi gani. Alimwambia, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Petro alikuwa mvuvi, na siku ile alisema kama mvuvi. Basi kama karama ya Mungu ilikuwa haiuzwi kwa Simoni Samaria, haiuzwi kwa nambari ya till Mombasa.

Huyo anayesema laana itamgeukia mtoto usipolipa anakutisha tu. Vitisho vya namna hiyo hapa Pwani tunavijua tangu zamani, tofauti ni kwamba waliokuwa wakivitoa hawakubeba Biblia. Hilo la kujua kabla hujasema nalo lisikuhangaishe. Mwanamke wa sokoni anakuja kwa maombezi macho yamevimba, ameletwa na rafiki ambaye huenda alizungumza kabla. Kusema "mkono wako ulivutwa kwenye kisicho chako" hakuhitaji malaika.

Ila amekutendea ubaya mwingine ambao pengine hujauona, nao naona ni mkubwa kuliko pesa. Amekunyang'anya dhambi yako, akampa marehemu bibi yako. Bibi yako hakushika hazina ya chama. Nabii Ezekieli, sura ya 18, aliwajibu watu waliokuwa na mazoea haya haya ya kuwasingizia wazee wao: "Roho itendayo dhambi, ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Maneno hayo ni makali, najua, lakini ndani yake mna msaada kwako. Dhambi iliyo yako unaweza kuitubu. Ya bibi yako utaitubuje? Ndiyo maana unatuma na kutuma na hakuna mwisho. Unalipia kesi ambayo wewe si mshtakiwa, na ile ambayo wewe ni mshtakiwa haijasomwa.

Basi tuisome. Ni wizi, na juu ya wizi ni kumshuhudia jirani yako uongo. Zote mbili zimo katika zile Amri Kumi, Kutoka 20, zimefuatana. Utasema, mimi sikusema neno. Kweli, ulinyamaza watu walipomgeukia karani, na kimya chako ndicho kilichokuwa ushahidi. Halafu kila ulipoandika "faini" kwenye kauntabuku uliandika kitu ambacho hakikutokea. Hesabu imekaa sawa, lakini kitabu ni cha uongo mpaka leo.

Nimelisema wazi kwa sababu msamaha wa Mungu hauhitaji dhambi ipunguzwe kwanza ndipo utoshe. Paulo asema, "Bali Mungu aonyesha pendo lake yeye mwenyewe kwetu sisi, kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi." Tungali. Hatukuwa tumeanza kurudisha mia tano mia tano. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: ukimjia Yesu na wizi huu na uongo huu, vikiwa vyako, amekusamehe, yote, bure. Kipawa cha Mungu, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Yeye mwenyewe amesema, "wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe," na sijaona mahali ambapo waweka hazina wametolewa katika hilo "ye yote".

Wewe unakaa Freretown, basi nikukumbushe jambo la karibu na kwenu. Mtaa wenu ulianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na ile kengele iliyowapa jina la Kengeleni ilipigwa kuwaonya watu hao hatari ikikaribia. Wakati huohuo, kule Rabai, watumwa waliotoroka kwa mabwana zao walikuwa wakikimbilia misheni na kujificha humo kwa miaka. Mabwana wakawafuatia, wakidai "mali" yao. Mwisho George Mackenzie, msimamizi wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kushika Pwani, alikubaliana na mabwana walipwe fidia, na mwanzoni mwa mwaka 1889 zaidi ya watu elfu moja wakapewa hati za uhuru pale Rabai. Waliozipokea hawakutoa hata senti. Fikiria sasa mmoja wao, hati anayo mkononi, bado kila akisikia hatua za mtu njiani anakimbilia chini ya kitanda, na kila mwezi anampelekea mtu pesa za siri ili asikamatwe.

Mfano huu una mahali unapokwama, na afadhali niseme mwenyewe kabla hujaniandikia. Watu wale hawakuwa na deni la mtu. Dhambi ilikuwa ya waliowakamata na kuwauza. Sisi deni letu ni la kweli, na aliyelipa hakulipa kwa fedha ya kampuni. Ukichukua hapo tu nilipokusudia, inatosha: hati haiwi halali zaidi kwa sababu mwenye nayo amelala vizuri, wala haibatiliki kwa sababu ametetemeka usiku.

Ndiyo maana sala ya toba kuirudia na kuirudia haikusaidii. Umeanza kuitegemea sala. Wengi wetu tulifundishwa hivyo bila kukusudiwa: ukiisema kwa machozi ya kutosha imeingia, usipolia haikuingia. Kumwamini Yesu ni kumwegemea yeye aliyekufa na kufufuka, na imani iliyo ndogo inamshika Yesu yuleyule. Yule baba mwenye mtoto mgonjwa katika Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa siku ileile. Usiku ukishtuka, usianze sala ya toba upya kana kwamba hujawahi kusikika. Sema ile ya mtoza ushuru, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," mara moja, kisha geukia upande wa pili.

Sasa, mbona moyo haukubali? Mimi naona yanayokukosesha usingizi ni mambo mawili, na umeyachanganya. Kuna sauti inayokwambia Mungu hakutaki. Hiyo ni ya uongo, na Warumi 8 inaanza kwa kuijibu: "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Lakini kuna nyingine inayokutajia mtu. Hiyo sidhani kama ni ya adui. Wewe umekuwa ukizituliza zote mbili kwa dawa moja, na ya pili haisikii mafuta wala chumvi.

Umeniuliza maswali manne, mwanangu. Hakuna hata moja linalomhusu karani.

Nimesoma barua yako tena kutafuta. Yule mtumishi umemwandikia kirefu, na chupa yake, na saa ya kunyunyiza chumvi, na kiwango cha kila mbegu. Karani umempa sentensi chache, na katika hizo ukaona uniongezee kwamba mwandiko wake haukuwa mzuri. Hilo la mwandiko lilikuwa la nini? Aliondolewa mwezi wa nane. Mgao wa Desemba akaupata? Hukusema, nami nakisia hakuupata. Umesema mwenyewe mtaa wenu ni mmoja na watu wanajuana. Basi wanachojua wao ni kwamba karani ndiye alikula pesa za chama. Watoto wake wamelisikia hilo bombani. Pengine ndilo lililomhamisha akavuka feri. Pesa ulizirudisha kwenye kitabu. Jina lake bado hujalirudisha.

Mumeo namheshimu, na hofu yake naielewa. Anailinda nyumba yake. Lakini damu ya Yesu haikumwagika ili karani aendelee kuitwa mwizi. Mithali 28:13 yasema, "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali yeye aziungamaye na kuziacha atapata rehema." Kuziungama na kuziacha. Wewe dhambi ya kunyamaza hujaiacha, unaitenda kila Jumapili chini ya ule mwembe.

Najua atakayesoma hapa atanishika: Mwalimu, umetoka kusema ni bure, sasa unamtoza? Msomeni Zakayo, Luka 19. Yesu alimwita mtini akamwambia leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, na watu wakanung'unika kwamba ameingia kwa mtu mwenye dhambi, maana wakati huo Zakayo alikuwa hajarudisha chochote. Akapokewa kwanza. Halafu ndipo akasimama na kusema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemnyang'anya kwa hila namrudishia mara nne. Hakuna aliyemwambia atoe. Na yule mhalifu msalabani akaambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" bila kurudisha hata kimoja, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imepigiliwa. Wewe yako haijapigiliwa, na nauli ya kwenda Likoni unayo. Feri yenyewe kwa mwenda kwa miguu hailipishwi.

Nenda kwanza kwa mchungaji wako, umweleze yote na umwombe akutunzie siri mpaka utakapokuwa tayari. Mumeo naye ajue kwamba unakwenda. Usimfanyie hili nyuma ya mgongo wake.

Kisha nenda kwa karani mwenyewe. Usimpigie simu wala usitume ujumbe. Nenda mchana, mahamri yamekwisha na wateja wamepungua, si asubuhi ambapo yuko kwenye karai na watu wamepanga foleni. Usitangulize kifuko cha sukari na unga. Ukifika na zawadi utamziba mdomo kwa adabu, na leo mdomo ni wake. Usianze na karo ya mtoto. Anza hivi: "Zile pesa za chama nilichukua mimi. Nilijua si wewe, na nilinyamaza." Halafu nyamaza, kwa faida yake safari hii. Akikutukana, usijibu. Akikufukuza, ondoka. Na hata ikiwa moyoni umejaa Maandiko, usimwambie Biblia inasema tusameheane. Aya hiyo ni yake kuitii kwa wakati wake, si yako kumsomea. Msamaha wa Mungu hautegemei wake, kwa hiyo huna sababu ya kumkaba koo autoe siku hiyo.

Muulize angependa jina lake lisafishwe vipi: yeye akiwepo chamani, au asiwepo. Usimwamulie.

Baada yake, mwenyekiti, kisha chama chote, na kauntabuku iwe wazi mbele yao. Waonyeshe faini moja moja ambazo hazikuwa faini. Funguo za hazina na simu yenye pesa zao zikabidhi kabla hujaambiwa. Wanaweza kukuelewa. Wanaweza pia kukupeleka kwa chifu au kituoni. Neema ya Mungu haiwafungi wenzako mikono, na sitakudanganya kwamba wataishia kulia na kuimba pambio. Ukiulizwa jambo, jibu kweli na usiongeze bibi.

Kuhusu kiasi: sheria ya Musa, Walawi 6, ilimtaka aliyemdhulumu mwenzake arudishe kitu chenyewe na kukiongeza sehemu ya tano. Hatuko chini ya sheria ile, lakini kama kipimo cha uungwana bado inasaidia. Sehemu ya tano ya Sh26,000 ni Sh5,200. Hizo ni za chama. Na karani akokotolewe mgao wake, yaani akiba yake hadi mwezi ule wa nane na faida waliyopata wenzake Desemba ile, kisha naye aongezewe sehemu yake ya tano. Elfu kumi na tano zako, siku utakapozipata, hapo ndipo zina pa kwenda. Ikibidi mia tano mia tano, ni sawa, mradi safari hii ziandikwe kwa jina lake.

Meza ya Bwana usiikimbie. Paulo, 1 Wakorintho 11, hakusema mtu ajihoji kisha abaki kitini na mtoto wa jirani, alisema ajihoji mwenyewe, "na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe." Bwana Yesu kwa upande wake alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, ukapatane naye kwanza, kisha urudi. Kwa hiyo nenda Likoni wiki hii, na Meza ijayo simama na wenzako hata kama yeye hajakusamehe. Ya kwaya mwachie mchungaji. Akisema upumzike kidogo, pumzika bila kununa.

Namba ya yule mtumishi ifungie. Akitumia namba nyingine kukuletea unabii wa mtoto, mwonyeshe mumeo huo ujumbe, na huyo rafiki yako wa sokoni pia.

Limebaki la kijana. Mtaa utamwambia tu, na wa mtaani hawatamwambia vizuri, basi alisikie kwako kabla ya siku ya chama. Kama yuko bweni, ngoja likizo au siku ya kumtembelea, nawe chama ukipange baada ya hapo. Karani yeye asingojeshwe. Kijana mwambie ulichukua, ulinyamaza, mtu mwingine akaumia, na sasa unakwenda kusema. Atakuuliza kama ni kwa ajili ya karo yake. Mwambie karo ilikuwa shida, kuchukua ulichagua wewe. Asibebe hilo akarudi nalo darasani.